Mwami Mutara Rudahigwa na Shule ya Kiriri



Katika ukurasa huu tumezoea kuwaletea maisha ya watakatifu. Safari hii tumechagua mtu ambaye Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, wala sisi hatujipi kazi hiyo. Alikuwa mfalme, alikuwa na makosa yake, na wako kati yetu ambao jina lake likitajwa hunyamaza, kila mmoja kwa sababu zake. Tunawaomba wote wasome hadi mwisho. Tumemchagua kwa sababu ya swali ambalo wazazi wanatuletea kila mwaka shule zinapofunguliwa: mtoto wangu asomee nini, ikiwa hapa tulipo hakuna ofisi inayomngoja, na huko tulikotoka hatujui kama cheti chake kitakubaliwa? Mtu huyu alilibeba swali hilo hilo, ingawa yeye alikuwa na ufalme na sisi tuna plot ya kulima na kadi ya chakula.

Jina lake ni Rudahigwa, na jina lake la kifalme Mutara wa Tatu. Alizaliwa mwezi Machi 1911, mwana wa Mwami Yuhi Musinga wa Rwanda na wa Kankazi. Wakati huo Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya Wajerumani. Mapadre Weupe walikuwa wamefika kwa Musinga mwezi Februari 1900 wakapewa mahali pa kujenga huko Save, mbali na ikulu ya Nyanza. Musinga hakutaka dini mpya nyumbani kwake. Lakini kusoma hakukumtisha. Wajerumani walikuwa na shule Nyanza iliyofundisha kwa Kiswahili, na Musinga mwenyewe alijifunza kukisoma na kukiandika. Tunalitaja hili kwa sababu wapo vijana wetu wanaodhani kwamba Kiswahili ni lugha tuliyoiokota njiani tulipokuwa tukikimbia. Kilikuwa kimefika ikulu kabla babu zetu wengi hawajaona kitabu. Baadhi ya wamisionari hawakukipenda, wakikiona kuwa lugha ya Uislamu, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya kisishike mizizi shuleni.

Wabelgiji walichukua nchi mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1919 walifungua Nyanza shule ya wana wa machifu, na Rudahigwa akaingizwa humo akiwa na miaka minane. Shule ile haikuwa ya kila mtoto. Ilikuwa ya wana wa wakubwa, na lengo lake lilikuwa moja: kuipatia serikali watu wanaojua kuandika barua, kuhesabu kodi na kutii amri. Rudahigwa alisoma vizuri. Mwaka 1924, akiwa na miaka 13 tu, alifanywa karani wa baba yake. Mwaka 1929 akapewa uchifu wa Nduga na Marangara. Katika eneo hilo ndiko kuliko Kabgayi, makao ya Askofu Léon Classe, na huko chifu kijana alianza kujifunza katekisimu.

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Mwezi Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa Musinga katika kiti. Walimwona mkaidi, na Askofu Classe naye alikuwa na maoni hayo hayo. Tarehe 12 alitangaziwa kwamba si mfalme tena, na tarehe 16 mwanawe Rudahigwa, mwenye miaka 20, akasimikwa mahali pake. Hakusimikwa na wazee wa mila wenye siri za ufalme, alisimikwa na Gavana. Musinga alipelekwa Kamembe, na mwaka 1940 akavushwa hadi Moba, upande wa Kongo kwenye Ziwa Tanganyika. Ndugu zetu waliotoka Moba na Kalemie wanaijua pwani ile. Huko ndiko alikokufa, mwaka 1944, mfalme asiye na nchi. Kijana aliyeketi kwenye kiti cha baba yake aliye hai, akijua kwamba baba yuko uhamishoni, ana jeraha ambalo hatuhitaji kulieleza kwa watu wa makazi haya.

Baada ya hapo Rwanda iliona jambo ambalo Kanisa lililiita ushindi. Mfalme alikuwa mkatekumeni, basi machifu wakakimbilia katekisimu, na watu wakawafuata machifu. Makanisa yakajaa. Katika miaka ya 1930 watu walibatizwa kwa makumi elfu. Wengi walikuja kwa moyo, hilo tusilikane, maana imani ya bibi na babu zetu ilianzia hapo. Lakini wengine walikuja kwa sababu aliyekuja mbele yao alikuwa mkubwa wao. Shule za misheni nazo ziliingia katika mkondo huo huo. Mawazo ya Askofu Classe yalikuwa kwamba ukiwapata watawala umeipata nchi, na kwa hiyo nafasi nyingi za elimu ya juu zaidi ya darasa la kawaida zilikwenda kwa wana wa Watutsi, hasa wa machifu. Mtoto wa Mhutu mwenye akili, na mtoto wa Mtutsi maskini vilevile, alibaki na mlango mmoja tu ulio wazi, nao ni seminari. Tunasema haya bila kumshitaki mtu aliyekwisha kufa. Tunayasema kwa sababu matunda yake tumeyala.

Shule kubwa ya wakati huo ilikuwa Astrida, mji ambao baadaye uliitwa Butare na leo Huye. Iliendeshwa na Mabruda wa Upendo toka Ubelgiji, nayo ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya Rwanda na Burundi pamoja. Mabruda walikuwa walimu wazuri na watu wa sala. Lakini serikali ndiyo iliyosema watoke akina nani: makarani, wasaidizi wa waganga, wasaidizi wa mifugo na wa kilimo. Neno kubwa katika vyeo vyote lilikuwa wasaidizi. Kijana wa Astrida aliweza kumsaidia daktari maisha yake yote, ila hakuweza kuwa daktari, kwa sababu masomo yake hayakumfikisha kwenye mlango wa chuo kikuu. Aliyetaka Kilatini na falsafa ilimpasa aende seminari ndogo ya Kabgayi, na kisha seminari kuu ya Nyakibanda iliyoanzishwa mwaka 1936. Ndiyo maana wasomi wakubwa wa kwanza wa nchi zile walikuwa mapadre. Abbé Alexis Kagame, mwanahistoria na mwanafalsafa ambaye vitabu vyake vinasomwa hadi leo, alitoka huko, naye alikuwa karibu sana na Mwami.

Rudahigwa mwenyewe alikaa mkatekumeni kwa zaidi ya miaka kumi. Wengi hawajui hili. Raia zake walibatizwa kwa makundi, naye akangoja. Alimwoa Nyiramakomali mwaka 1933, hawakupata mtoto, na baadaye wakaachana. Mwezi Januari 1942 alifunga ndoa kanisani na Rosalie Gicanda, binti Mkristo. Nao pia hawakujaliwa mtoto. Tarehe 17 Oktoba 1943 ndipo Askofu Classe alipombatiza, pamoja na mama yake Kankazi. Mwami akaitwa Charles Léon Pierre, na mama akaitwa Radegonde. Msimamizi wa Mwami alikuwa Pierre Ryckmans, Gavana Mkuu wa Kongo. Mwenye macho anaona katika ibada ile madhabahu na serikali vimesimama bega kwa bega. Lakini anaona pia mtu wa miaka 32 aliyesubiri, aliyefundishwa kwa muda mrefu, na aliyeinama. Nchi yake wakati huo ilikuwa inaingia katika njaa kubwa ya Ruzagayura, iliyoua watu wengi sana mwaka 1943 na 1944 na kuwatawanya wengine hadi Kongo na Uganda.

Tarehe 27 Oktoba 1946, huko Nyanza, Mwami aliiweka Rwanda wakfu kwa Kristo Mfalme. Tendo hilo limeelezwa mara nyingi kama sherehe ya wamisionari, na ni kweli walifurahi. Sisi tunadhani alikuwa na neno lake la ndani pia. Mfalme anayesema mbele ya Gavana kwamba nchi ina Mfalme mwingine aliye juu, anasema vilevile kwamba Gavana siye huyo.

Mwaka 1949 alisafiri Ubelgiji. Aliona viwanda, makanisa makuu na vyuo vikuu. Aliona vijana wa Kibelgiji wa umri wa makarani wake wakisoma sheria, uganga na uhandisi. Alirudi akiwa mtu mwingine katika jambo la shule. Tangu hapo hakuacha kudai. Alitaka shule ya sekondari kamili, yenye masomo yale yale na cheti kile kile kinachotolewa Ubelgiji, ili mtoto wa Rwanda akimaliza aende chuo kikuu kwa haki yake. Na alitaka iendeshwe na Wajesuiti.

Kwa nini Wajesuiti? Tusimame kidogo hapa, maana ndicho kiini cha habari yetu.

Shirika hilo lilianzishwa na Mtakatifu Inyasi wa Loyola, Mhispania, likakubaliwa na Baba Mtakatifu mwaka 1540. Inyasi alikuwa askari. Alivunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona mwaka 1521, na katika kitanda cha ugonjwa akageuka. Alipotaka kuwasaidia watu kiroho aligundua kwamba bila elimu hatafika mbali. Basi, akiwa na miaka 33, alikaa Barcelona kujifunza Kilatini pamoja na watoto wadogo, huku akiomba chakula mitaani. Vijana wetu wa miaka 17 na 18 wanaoona aibu kukaa darasa la tano kwa sababu vita viliwapotezea miaka, wamkumbuke mzee huyu. Shule ya kwanza ya Wajesuiti kwa wanafunzi wa kawaida ilifunguliwa Messina, Italia, mwaka 1548, na hadi alipofariki mwaka 1556 zilikuwa zaidi ya thelathini.

Shule hizo zilijulikana kwa ugumu wa masomo, lakini Inyasi hakuwafunza watoto Kilatini ili wajue Kilatini tu. Mazoezi yake ya Kiroho yanaanza na jambo moja: mtu ameumbwa kwa ajili ya Mungu, na vitu vingine vyote vinafaa kwa kadiri vinavyomsaidia kufika huko. Cheti ni kitu kimojawapo kati ya hivyo. Cheo pia. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kuchunguza dhamiri kila siku, kujiuliza leo Mungu alikuwa wapi na mimi nilikuwa wapi. Mwalimu hutakiwa amjue kila mtoto kwa jina na kwa shida zake, asimfundishe kama mtu anayemimina maji kwenye debe. Na akili yote anayopewa mtoto ni deni, si mali. Atalilipa kwa wengine. Miaka mingi baadaye, mwaka 1973, Padre Pedro Arrupe, mkuu wa Wajesuiti, aliwaambia wazi wale waliosoma katika shule zao kwamba shule ambayo haitoi watu wa kuwatumikia wengine haijafanya kazi yake. Wengine walichukia, wakaondoka. Padre huyo huyo ndiye aliyeanzisha mwaka 1980 huduma ya Wajesuiti kwa wakimbizi, na baadhi yetu tumeketi katika madarasa yake bila kujua jina lake.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika tamko lake kuhusu elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba shule ya Kikatoliki ni mahali ambapo elimu yote ya dunia inaangazwa na imani, na kwamba maskini, wasio na familia na hata wale wasio na imani wasiachwe nje. Rudahigwa hakuishi hata kuuona Mtaguso. Lakini alikuwa amekwisha kuonja shule ya aina nyingine, ile ya Nyanza iliyomfanya karani akiwa na miaka 13. Alijua tofauti.

Shule aliyoiomba aliipata nusu. Mahali pa kwanza palipofikiriwa palikuwa Gatagara, karibu na Nyanza, na Wajesuiti walikuja mwanzoni mwa miaka ya 1950. Lakini serikali haikutaka shule ya namna hiyo iwe ya Rwanda peke yake, tena karibu na ikulu. Ikaamuliwa iwe Usumbura, mji mkuu wa Ruanda-Urundi, ambao tangu uhuru wa mwaka 1962 unaitwa Bujumbura. Ikajengwa Kiriri.

Wale mliokulia Bujumbura hamhitaji kuelezwa Kiriri. Wengine wafikirie mlima unaoinuka upande wa mashariki wa mji, mji wote ukiwa chini, kisha ziwa, kisha ng'ambo milima ya Uvira. Asubuhi hewa yake ni baridi kuliko ya Buyenzi na Bwiza. Huko juu waliishi Wazungu na wakubwa, na huko ndiko ilikosimama shule ya Roho Mtakatifu, Collège du Saint-Esprit, yenye majengo makubwa yanayoonekana toka mbali.

Jambo kubwa lilikuwa katika jina lake la kwanza: iliitwa shule ya mataifa yote. Wakati ule katika Usumbura Mzungu alikuwa na shule yake, Mhindi yake, Mwafrika yake. Kiriri iliwaweka katika darasa moja mtoto wa ofisa wa Kibelgiji, mtoto wa Kirundi na mtoto wa Kinyarwanda, wakifanya mtihani mmoja. Sisi leo tunaweza kucheka kwamba hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Lakini kwa watu wa wakati huo ilikuwa sawa na kuvunja ukuta. Kwa mara ya kwanza kijana wa nchi hizi mbili angeweza kusoma sekondari kamili ya Kizungu bila kuwa mseminari, kisha kuomba chuo kikuu.

Rudahigwa hakuridhika kwamba shule ilihamishwa. Mwaka 1956 ilifunguliwa Nyanza shule nyingine aliyoipigania, Collège du Christ-Roi, yaani ya Kristo Mfalme, chini ya mapadre wa jimbo. Ulianzishwa pia mfuko wa kuwasomesha vijana uliobeba jina lake. Na tarehe 1 Juni 1952 aliona huko Kabgayi Padre Aloys Bigirumwami akiwekwa wakfu kuwa Askofu, Mwafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika nchi zote zilizotawaliwa na Wabelgiji. Mtoto wa seminari alikuwa amefika mahali ambapo mtoto wa Astrida hakuruhusiwa kufika.

Mwaka 1954 Mwami aliufuta ubuhake, ule mkataba wa ng'ombe uliomfunga mtu kumtumikia mwenye ng'ombe pengine maisha yake yote. Ng'ombe waligawanywa, ila mashamba ya malisho mengi yalibaki kwa wenyewe, na kwa hiyo wengi walioachwa huru hawakuwa na pa kuchungia. Hata hivyo lilikuwa tendo la haki.

Hatutaficha upande wa pili. Mwezi Machi 1957 wasomi wa Kihutu, ambao wengi wao walipitia seminari na shule za Kikatoliki, walitoa waraka wao wakidai haki sawa katika uongozi, mali na shule. Mwaka uliofuata Mwami na Baraza Kuu la Nchi walijadili shauri hilo, na mwezi Juni 1958 alihitimisha kwa kusema kwamba tatizo la Wahutu na Watutsi halipo, na kwamba wanaolizungumza wanataka kuigawa nchi. Wapo wanaomtetea kwamba alitaka umoja. Sisi tunaona kwamba mtu aliyeweza kuona dharau ya Mbelgiji kwa Mwafrika katika shule hakuiona, au hakutaka kuiona, dharau iliyokuwa nyumbani kwake. Kilio cha mtu hakinyamazishwi kwa kuambiwa kwamba hakipo. Wale waliopeleka madai walikuwa wamesoma katekisimu ile ile aliyoisoma yeye, nao walikuwa na swali lile lile juu ya shule: kwa nini mlango huu umefungwa kwangu?

Mwaka mmoja baadaye alikuwa amekufa. Mwezi Julai 1959 alikwenda Usumbura. Tarehe 25, baada ya kuonana na daktari na kupigwa sindano, alianguka akafa. Alikuwa na miaka 48. Serikali ilisema ni damu iliyovuja kwenye ubongo. Mama yake alikataa mwili usipasuliwe, na watu wengi waliamini kwamba aliuawa kwa sumu. Hakuna aliyelithibitisha hilo hadi leo, nasi tusiliongeze. Alikufa katika mji ule ule ambako shule aliyoiomba ilikuwa imesimama mlimani.

Alizikwa Mwima, karibu na Nyanza, tarehe 28 Julai. Hapo hapo kaburini akatangazwa mdogo wake Jean-Baptiste Ndahindurwa kuwa Mwami Kigeli wa Tano. Mwezi Novemba mwaka huo moto ukawaka, na safari ya kwanza ya wakimbizi ikaanza kuelekea Burundi, Kongo, Uganda na Tanganyika. Baadhi ya wazee walio nasi hapa walibebwa mgongoni katika safari hiyo.

Na Kiriri? Baada ya uhuru majengo ya shule yalichukuliwa kwa ajili ya chuo kikuu, na leo ni kampasi ya Kiriri ya Chuo Kikuu cha Burundi. Juu kidogo katika mlima huo huo, upande wa Vugizo, kuna kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, mwanafunzi wa Astrida, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, wiki mbili tu baada ya kuwa Waziri Mkuu. Barabara za mlima ule zimebeba wasomi wa kila aina. Wapo waliotoka katika shule za Kanisa wakawa waganga na walimu wa watu. Wapo waliotoka humo humo, wanajua Kilatini na sala zote, wakaandika orodha za majirani wa kuuawa, mwaka 1972 na 1994 na miaka mingine. Mzazi akituuliza shule ya Kikatoliki ina faida gani, hatuwezi kumjibu kana kwamba hatuyajui haya.

Tunachoweza ni kumwonyesha Buta. Katika seminari ndogo hiyo, jimbo la Bururi, alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia bwenini wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa. Walishikana, wakauawa arobaini. Hakuna mtihani wa taifa unaouliza swali lile, na hakuna cheti kinachotolewa kwa kulijibu. Wakuu wao walikuwa wamewafundisha kwa miaka, katika sala, katika mazungumzo ya wazi juu ya yaliyotokea nchini, katika kula meza moja, mpaka ikawa kwamba saa ilipofika hawakuwa na haja ya kufikiri sana. Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilifungua rasmi kesi ya kuwatangaza wenyeheri, pamoja na Padre Michel Kayoya, mwandishi, aliyeuawa mwaka 1972.

Tuwarudie wa nyumba ya Rudahigwa, tumalize. Malkia Rosalie Gicanda alibaki Butare baada ya ufalme kuondolewa, mjane asiye na mtoto, akiishi maisha ya kawaida na kwenda misa. Tarehe 20 Aprili 1994 askari walimtoa nyumbani wakamwua, naye amelazwa Mwima karibu na mumewe. Mwami Kigeli, aliyepita naye katika shule ya Astrida, aliondoka nchini mwaka 1960 akiwa na miaka 24. Aliishi Tanganyika, Uganda na Kenya, kisha Marekani, akipanga nyumba kama mkimbizi mwingine yeyote. Alifariki huko mwezi Oktoba 2016, bila kuoa, na mwezi Januari 2017 mwili wake ulirudishwa ukazikwa Mwima, baada ya miaka 56 nje ya nchi.